Apareyi ya foto: mbele ya kutosha makuta yote

Kijana wa kambi anataka kwenda Upemba kupiga picha za punda milia, bale ba mwisho katika Kongo yetu. Muuzaji anamuambia: kamata plenforma, njo ya mafundi. Sisi tunasema, ngoja kwanza.

Tofauti iko ndani, pale mwangaza unapoingilia. Kile kipande kinachoupokea, katika plenforma kinapima milimita 36 kwa 24. Katika apareyi ndogo, karibu 23 kwa 15. Kidogo kinakata pembeni za picha, kwa hiyo objektifu ya milimita 300 inaonyesha kama ya 450. Na punda milia haingoji mutu!

Utasema: nitapiga na kubwa, kisha nitakata picha. Sawa, lakini pointi milioni 24 zinabakia kitu kama milioni 10 na nusu. Zingine ulizilipia bure.

Kubwa inashinda magaribi. Inakusanya mwangaza zaidi ya mara mbili, na picha haijai michanga-michanga. Mwenye kushuka chini na lampe ya kichwa anaelewa hiyo. Lakini objektifu ndefu ya kuifaa ni nzito, na bei yake inaweza kula ada ya masomo ya batoto.

Basi, ndugu, chukueni ndogo, hata ya okazio, makuta yanayobaki muweke katika objektifu. Apareyi inazeeka mbio kuliko objektifu. Mbele ya kulipa, imulikeni na lampe, muangalie kuvu na vumbi ndani. Vumbi ya barabara zetu za mine haina huruma.