Mto Unahama na Msitu Unaufuata: Watafiti Wamejifunza Nini Hapa Tana?



Mara nyingi tukikutana kwenye mikutano ya vikundi hapa Garsen, Ngao, Wema au juu upande wa Hola, kuna swali moja ambalo hurudi: "Hawa watafiti wanaokuja na mahema, kamba za kupimia na darubini, hasa wanatafuta nini? Na sisi tunapata nini?" Ni swali la haki. Wazee wengine husema wazi kwamba wageni walikuja wakahesabu kima, lakini watu hawakuhesabiwa. Leo tujaribu kulijibu swali hili polepole, maana yale waliyoyapima yanagusa shamba lako, mkeka wa mama, ng'ombe wa jirani na pesa za kikundi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kikundi kimoja kuchagua mahali pa kupanda ndizi kando ya mto. Tulitaka mahali ambapo maji yako karibu, ili mpira wa pampu uwe mfupi na mafuta yasiende mengi. Tukapata. Mzee mmoja alitazama ukingo ule, akasema, "Hapa mto unakula." Tulimsikia lakini hatukumsikiliza, kwa kuwa msimu ulikuwa unapita. Baada ya misimu miwili, nusu ya migomba ilikuwa imeingia majini, na pale tulipokuwa tumeweka pampu hapakuwapo tena. Pesa zile akina mama walikuwa wamezichanga kidogo kidogo kwa kuuza mikeka na samaki. Mimi nilikuwa nimesomea maendeleo ya jamii, lakini mto sikuwa nimeusomea.

MTO UNAKULA HUKU, UNATAPIKA KULE

Tana ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya, kama kilomita 1,000. Unatoka mlima Kenya na milima ya Aberdare, na ukifika Garissa unaingia katika nchi tambarare. Nchi ikiwa tambarare, mto haukimbii moja kwa moja. Unapinda kama nyoka.

Kwenye kila kona, maji ya upande wa nje huenda kwa kasi zaidi. Yanapiga ukingo, yanauchimba kwa chini, na udongo wa juu unaanguka. Upande wa ndani maji ni ya pole, kwa hiyo yanashusha mchanga na tope walilobeba. Ndiyo sababu upande mmoja utaona ukingo umesimama kama ukuta, na ng'ambo yake utaona fungu la mchanga jipya. Mwaka hadi mwaka kona inazidi kupinda, mpaka mafuriko makubwa yanakata njia ya mkato. Kona ya zamani inabaki ziwa lisilo na mkondo. Maziwa ya namna hii tunayo mengi huku kwetu, na wavuvi wanayajua vizuri.

Watafiti wa chuo kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, pamoja na wenzao Wakenya, walifanya kazi ya kupima tope la mto huu kati ya Garissa na Garsen. Walitaka kujua tope linatoka wapi, hasa kwa vile mabwawa ya juu yanashika tope jingi. Waliona kwamba sehemu kubwa ya tope linalopita kwetu hutokana na mto wenyewe kukata kingo zake njiani na kuzijenga upya mahali pengine. Yaani yule mzee alisema kwa neno moja kile ambacho vipimo vilisema kwa kurasa nyingi: mto unakula.

Mifano haiko mbali. Mradi wa kumwagilia maji wa Hola, ulioanza miaka ya 1950, ulikwama mwaka wa 1989 baada ya mto kuhama ukaacha mahali ambapo pampu zilikuwa zikivuta maji. Na huku delta, wazee wanajua habari za Belezoni. Katika karne ya 19 watu walichimba mfereji pale kuunganisha Tana na mto Ozi. Mto ukaufuata ule mfereji na kuupanua, na leo maji ya Tana yanaingia baharini Kipini. Kwa hiyo mkono wa mtu pia unaweza kuuhamisha mto, hata pale asipokusudia.

MAJI YASIYOONEKANA

Sasa tuje kwenye msitu. Tukitoka kando ya mto na kutembea kuelekea porini, haichukui muda tunaacha miti mikubwa na kuingia kwenye vichaka vikavu. Mvua yetu ni kidogo, haiwezi kulisha mkuyu mkubwa. Basi mkuyu unakunywa wapi?

Miaka ya 1980 mtafiti Francine Hughes alilichunguza jambo hili kwenye misitu ya Tana. Alionyesha kwamba miti hii hutegemea maji ya mto kwa njia mbili. Ya kwanza ni yale yanayopenya chini ya ardhi kutoka mtoni mpaka kwenye mizizi. Ya pili ni mafuriko, ambayo hulowesha ardhi na kuleta tope jipya. Miti mingine huota vizuri pale tu ambapo mto umeacha mchanga mpya wenye unyevu. Ikishashika, inafuatwa na mingine, mpaka msitu mzima unakuwa.

Lakini mto ukihama, maji ya chini yanashuka. Miti mikubwa inabaki imesimama kwa miaka, kumbe hakuna michanga inayoota chini yake. Ukiuona msitu kama huo unaweza kudhani ni mzima, lakini ni mzee asiye na watoto. Katika hali ya kawaida hasara hiyo inalipwa kwa msitu mpya kuota pale mto ulipohamia. Ndiyo maana tunasema msitu wa Tana unaufuata mto. Tatizo linakuja wakati mchanga wote mpya umelimwa hadi ukingoni, halafu msitu wa zamani nao unakatwa. Hapo msitu hauna pa kwenda.

KIMA WAWILI WA TANA

Katika misitu hii kuna kima wa aina mbili ambao duniani kote hawapatikani porini ila hapa Tana ya chini: mbega mwekundu wa Tana, na mangabei wa Tana. Mbega anakula zaidi majani machanga, naye huishi juu mitini. Mangabei anakula matunda na mbegu, na hutembea sana chini.

Watafiti Clive Marsh na Katherine Homewood waliwachunguza miaka ya 1970. Mwaka wa 1976 serikali ikatangaza hifadhi ya kima wa mto Tana. Baadaye Mkenya, David Mbora, alichunguza kwa nini msitu huu una mbega wengi na ule una wachache. Aliona kwamba jambo kubwa ni miti ya chakula: ikikatwa, mbega wanapungua. Aliona pia kwamba pale walipobanwa katika vipande vidogo vya msitu na watu wakautumia sana, minyoo ya tumboni huwa mingi zaidi. Leo mbega wekundu wanakadiriwa kuwa chini ya 1,000, na aina zote mbili zimo katika orodha ya wanyama walio hatarini sana kutoweka.

MKINDU MMOJA, WENYE HAJA WAWILI

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Margaret Kinnaird alichunguza mkindu. Mkindu tunaujua sote. Majani yake ndiyo mikeka na vikapu, shina lake linajenga nyumba, na wagemaji wanapata tembo. Kinnaird alionyesha kwamba mangabei naye anautegemea sana mkindu kwa chakula, hasa matunda, na kwamba akila matunda anasambaza mbegu. Kwa maneno mengine, yule kima anayefukuzwa kwa mawe anampandia mama ukindu.

Hapa kila kikundi cha kusuka kijiulize. Mkindu ukikatwa kichwa, shina lile halitoi kichwa kingine. Ukikatwa makuti yote machanga, hauna nguvu ya kuzaa. Mkindu ukiisha, mangabei atakufa njaa, na mama atatembea mbali zaidi kutafuta ukindu, mwishowe ataununua.

MABWAWA YA JUU

Mabwawa yalijengwa moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka wa 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Yanaleta umeme, na nchi inauhitaji. Lakini vipimo vya maji vya Garissa, ambavyo vilianza kabla ya uhuru, vimewawezesha watafiti kulinganisha mto wa zamani na wa sasa. Masinga lilipoanza kuzuia maji, mafuriko ya kawaida ya mwezi wa Mei yalipungua, na maji ya kiangazi yakaongezeka kidogo.

Wengine watasema, si ni vizuri? Hapana, si vizuri kwa wote. Mkulima wa mpunga wa mabondeni hungoja mafuriko ya kiasi. Mfugaji hungoja nyasi zinazoota maji yakikauka. Mvuvi hungoja samaki wazaane kwenye maziwa. Na msitu, kama tulivyoona, hungoja pia. Tena mabwawa hayazuii mafuriko makubwa. El Niño ya 1997 na 1998 ilibomoa matuta ya mradi wa mpunga wa TARDA huku delta, na mwaka wa 2018 mabwawa yalijaa yakafurika, watu wengi wakahama makwao. Mafuriko ya kiasi yenye faida yamepungua, na yale ya kubomoa bado tunayo.

KWA NINI WATU WALIKASIRIKA

Tusifiche. Hifadhi ya kima ilipotangazwa, watu walikuwa wanaishi na kulima mle. Mradi wa kuhifadhi ulioanza mwaka wa 1996 ulizungumzia kuhamisha familia, na ugomvi ukawa mkubwa. Wengine walikata msitu kwa hasira. Mwaka wa 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi ile haikuwekwa kwa kufuata sheria. Fundisho ni hili: elimu ya msitu inaweza kuwa ya kweli, na bado ikakataliwa kwa sababu ya namna ilivyoletwa. Mtu hawezi kulinda kitu anachoambiwa kwamba si chake.

Fundisho la pili ni chungu zaidi. Mwaka wa 2012 na mwanzo wa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa huku kwetu katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Maji na malisho yalikuwa ndani ya ugomvi ule. Mto ukihama, malka nayo huhama, na njia ya ng'ombe inaangukia shambani mwa mtu. Mambo hayo yazungumzwe mapema na wazee wa pande zote, kabla ng'ombe hajaingia kwenye mahindi.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Kabla ya kununua pampu au kupanda, tembeeni ukingoni. Mkiona ukuta wa udongo, mizizi inaning'inia, au ufa ardhini sambamba na mto, mto unakula hapo. Nendeni kwingine.

2. Pigeni kigingi hatua 20 kutoka ukingoni. Baada ya kila mafuriko hesabuni hatua tena, na katibu aandike. Watafiti hufanya vivyo hivyo, na kazi hii haina gharama.

3. Tieni alama kwenye mti au nguzo ya kipimo cha maji. Andikeni tarehe, maji yalifika wapi, na mazao yalikuwaje. Baada ya miaka 5 mtakuwa na kitabu ambacho hata mkutano wa kaunti hauwezi kukidharau.

4. Muwe na mtu wa simu upande wa Garissa. Maji huchukua siku kadhaa kutoka huko hadi Garsen, na siku hizo zinatosha kuhamisha watoto, mbuzi na mbegu.

5. Kwenye mchanga mpya, acheni sehemu ya miti. Kwenye mkindu, acheni kichwa na makuti machanga ya kutosha.

6. Mtafiti akija, mkaribisheni, lakini muulizeni kibali chake cha NACOSTI, atarudisha majibu lini barazani na kwa lugha gani, na ni kijana gani wa kijiji atakayefundishwa kazi.

MASWALI YA KUJADILIANA

Mto wetu ulikuwa wapi wakati babu zetu walikuwa vijana? Nani kijijini anakumbuka, na je, tumemwuliza?

Shamba la kikundi liko upande unaoliwa au upande unaojengwa?

Malka yetu iko wapi leo, na mara ya mwisho kuizungumza na majirani ilikuwa lini?

Kile kikundi cha ndizi nilichokitaja hakikuvunjika. Walipotafuta shamba jingine, walianza kwa kumwita yule mzee atembee nao ukingoni. Aliwaonyesha mahali, wakapiga kigingi, na mwenyekiti akaandika hatua 20 kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.