Gobore na Kizibo Chake: Lipi Kweli, Lipi Uongo?

Gobore halikosi hadithi. Mmoja atakufundisha namna ya kulisafisha, na kesho yake mwingine akuambie kinyume kabisa. Hadithi nyingi siku hizi zinatoka Marekani, ambako majimbo mengi yana msimu maalumu wa kuwinda kwa bunduki hizi za kushindiliwa baruti mdomoni. Tangu Tony Knight wa Missouri alipotoa bunduki yake ya MK-85 mwaka 1985, magobore mengi ya huko yana kizibo cha nyuma ya mtutu kinachofunguka kwa spana, na ubishi mkubwa sasa uko kwenye meno ya kizibo hicho. Tuyapime maneno ambayo bila shaka nawe umeyasikia.

"Baruti ikishalipuka imekwisha, haiachi kitu."

Si kweli. Baruti nyeusi ni shura asilimia 75, makaa 15 na salfa 10, na ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Hubaki chumvi za potasiamu na masizi. Ule moshi mweupe mzito ni chembe hizohizo zikielea. Nyingine hujipenyeza kwenye meno ya kizibo, na huko hunyonya unyevu. Fungua kizibo kilichokaa wiki nzima bila kusafishwa: kati ya jino na jino mna tope jeusi, na ukilikwangua kwa mswaki wa zamani unakuta chuma chini yake kimeshaanza kuwa chekundu. Pyrodex, inayotumiwa badala ya baruti nyeusi, haina nafuu. Ndani yake mna pakloreti ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha kloridi, chumvi iliyo jamaa ya ile ya jikoni. Kutu huipenda sana.

"Bunduki isiguswe na maji."

Si kweli, na hapa wazee walioosha kwa maji walikuwa sahihi tangu zamani. Chumvi huyeyuka kwenye maji. Kwenye mafuta haiyeyuki. Maji ya moto na sabuni kidogo hutoa kwa dakika chache uchafu ambao mafuta yangeufunika tu. Sharti ni moja: kausha papo hapo, hadi chini ya meno, kisha paka mafuta. Chuma kilichooshwa kikaachwa kibichi hushika kutu upesi ajabu. Baruti ya Blackhorn 209 ndiyo ya kuangalia, kwa kuwa watengenezaji wake wanataka isafishwe kwa dawa ya jamii ya petroli, si ya maji.

"Oili yoyote inatosha kwenye meno."

Si kweli. Oili nyepesi haihimili joto la mahali hapo, na ikichanganyika na masizi ya baruti nyeusi hugeuka kama lami. Kinachofaa ni grisi ya kuzuia chuma kuganda, yenye unga wa shaba au molibdenamu, ileile ambayo baadhi ya mafundi wa magari hupaka kwenye plagi.

"Basi, ipake kwa wingi."

Hapana. Inatakiwa ijaze mabonde ya meno tu. Ikizidi, hutambaa hadi kwenye tundu la moto, na siku ya kuwinda fataki italia mtutu ukae kimya.

"Tepu nyeupe ya mafundi bomba inafanya kazi ileile."

Nusu kweli. Inazuia masizi yasiingie, na wapo wanaoitegemea. Lakini haivumilii joto la zaidi ya nyuzi 260 kwa muda, na vipande vyake hubaki kwenye meno ya mtutu. Moshi hauzuiwi na tepu hata kidogo. Unazuiwa na chuma kilichokutana sawasawa na chuma. Mimi nachagua grisi.

"Kaza kwa nguvu zako zote."

Si kweli. Zungusha kwa vidole hadi mwisho, kisha umalizie kidogo kwa spana yake. Kikigoma kuingia kwa vidole, rudisha nyuma: ama kuna uchafu, ama kimeingia upande, na ukilazimisha utakula meno.

"Kila gobore lifunguliwe kizibo."

Si kweli. Kwenye magobore ya zamani kizibo kimekazwa kiwandani au na fundi, kikae. Hayo husafishwa kwa kuvuta na kusukuma maji kupitia tundu la moto.

"Bila fataki, gobore halina hatari."

Uongo, na ndio unaonitia hofu kuliko yote, kwa sababu baruti na risasi zinaweza kuwa bado zimo ndani. Weka alama mbili kwenye mdeki: moja inayoonyesha mtutu mtupu, nyingine mtutu ulioshindiliwa. Utumbukize kila mara kabla mkono wako haujagusa spana.