Begi la ngumi: Tazama uzito kabla ya bei

ANAYENUNUA begi la kufanyia mazoezi ya ngumi nyumbani kwa kuangalia bei tu, mara nyingi hulipa mara mbili.

Jambo la kwanza ni uzito. Kanuni inayotumiwa na makocha wengi ni nusu ya uzito wa mwili: mwenye kilo 70 atafute begi la kilo 35 hivi. Jepesi mno huyumba ovyo; zito mno huumiza vifundo vya mikono ya anayeanza. Wa mateke huhitaji refu, hadi futi 6, ili teke la chini lipate pa kutua.

La pili ni kilichomo ndani. Mchanga mtupu hushuka na kuwa mgumu chini, huku juu pakibaki laini. Vipande vya nguo vilivyoshindiliwa sawasawa ni bora zaidi.

Hapo ndipo penye biashara kwa fundi cherehani. Mabaki anayoyatupa, turubai zito na mshono wa nyuzi mbili hutoa begi la kuuzika. La ngozi hudumu zaidi, ila ni ghali.

Mwisho, mnunuzi akague boriti. Dari ya jipsamu haibebi mzigo huo.