RUNINGA YA PLAZMA IKIGOMA: JE, TUIFUNGUE WENYEWE?

Wahenga walinena kuwa tahadhari kabla ya hatari. Runinga ya plazma ikikataa kuwaka nyumbani, wengi wetu hukimbilia bisibisi, ati "hii naiweza mwenyewe." Je, yawezekana? Naam, lakini kuna mambo ya kujua kwanza.

Kioo cha plazma kina vijumba vidogo vidogo mno vyenye gesi za neoni na zenoni. Umeme ukipita humo, gesi hutoa miale isiyoonekana kwa macho. Miale hiyo hugonga kemikali zilizopakwa ndani, nazo hung'aa nyekundu, kijani au buluu. Kioo cha kwanza cha aina hii kilibuniwa mwaka wa 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na Donald Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson. Kampuni kubwa kama Panasonic ziliacha kuziunda miaka ya 2013 na 2014, hivyo vipuri vipya ni adimu.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Lakini ndani ya runinga hii, kapasita kubwa za bodi ya stima huweza kubeba karibu volti 400, na bodi zinazoendesha kioo hutumia takriban volti 200. Kapasita ni kama mtungi: ukifunga mfereji, maji yaliyomo mtungini hubaki. Vivyo hivyo, ukichomoa plagi umeme hubaki ndani kwa muda, nao waweza kuua.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya uchunguzi haihitaji kufungua chochote. Tumia macho na masikio:

1. Hakuna taa hata moja. Chomeka kifaa kingine kwenye soketi hiyo, kisha kagua waya na fyuzi ya plagi. Pengine ugonjwa ni huo tu!

2. Taa ipo, lakini ukibonyeza rimoti wasikia "ta! ta! ta!" na haiwaki, au yawaka baada ya kungoja sana. Mara nyingi kapasita za bodi ya stima zimechoka.

3. Taa inapepesa mara kadhaa, inatulia, kisha inarudia. Hesabu. Katika runinga nyingi idadi hiyo humwonyesha fundi pa kuanzia.

4. Sauti ipo, picha hakuna. Shuku bodi zinazoendesha kioo.

5. Kioo kimepasuka. Hapo hakuna dawa, kwa kuwa gesi imetoroka.

Andika dalili hizo zote kwenye karatasi, umpe fundi. Atakayefungua awe mtu mzima mwenye ujuzi. Naye, baada ya kuchomoa plagi na kungoja, atapima kila kapasita kubwa kwa mita kabla ya kutia mkono.

Kapasita mbovu mara nyingi huvimba kichwa kama andazi, ingawa nyingine hufa bila kuvimba. Mpya iwe na mikrofaradi zile zile, na volti sawa au zaidi ya ile ya zamani. Kama ya zamani imeandikwa nyuzi 105, usikubali ya 85. Upande wenye mstari ni hasi. Ikilehemiwa kinyume yaweza kulipuka. Fyuzi nayo ikiungua, usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya. Fyuzi huungua kwa sababu, na sababu hiyo ndiyo ya kutafutwa.

Shime wenzangu! Tusitupe runinga nzima kwa ajili ya kapasita moja ndogo, lakini tusijitie ufundi tusiokuwa nao. Runinga nyingine yaweza kununuliwa. Uhai hauuzwi dukani.