Bei ya Maziwa Hupimwaje?

Katika fiqhi ya biashara mmesoma kuwa bidhaa sharti ijulikane kipimo na sifa yake. Tazameni maziwa. Kwetu mfugaji huuza kwa lita. Ulaya hutaja bei ya kilo 100, Marekani ya ratili 100, yaani kilo 45 na kidogo. Tuseme Mmarekani analipwa dola 20 na mfugaji wa Ulaya dola 40. Mwenye haraka atasema wa kwanza kapunjwa, kumbe kwa kilo 100 anapata dola 44!

Tena maziwa hayalingani. New Zealand hulipa kwa kilo ya mafuta na protini, maji hayahesabiwi. Ndiyo maana watafiti wa IFCN, Ujerumani, hurekebisha bei zote ziwe za maziwa yenye mafuta asilimia 4 na protini asilimia 3.3, kisha huzigeuza dola. Hapo shilingi ikishuka, bei ya mfugaji wetu nayo huonekana imeshuka, ingawa analipwa shilingi zile zile.