Kinangop: hifadhi ya ndege katikati ya mashamba ya viazi

Mgeni anayefika Kinangop, nchini Kenya, akitarajia lango la hifadhi na askari wa wanyamapori hataviona. Atakachokiona ni ng'ombe wa maziwa, kondoo, nyua za senyenge na mashamba ya viazi na kabichi. Hata hivyo uwanda huo, ulioko kati ya milima ya Aberdare na ukingo wa Bonde la Ufa, ni makao muhimu ya ndege asiyepatikana katika nchi nyingine yoyote duniani.

Ndege huyo, ambaye wanasayansi humwita Macronyx sharpei, ni mdogo, mwenye kifua cha manjano, mgongo wa michirizi ya kahawia na ukucha mrefu wa nyuma. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemworodhesha miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka.

Maisha yake hutegemea nyasi. Hutafuta wadudu penye nyasi fupi, na hujenga kiota chini, ndani ya mafungu ya nyasi ndefu. Malisho yakilimwa, hutoweka mahali hapo.

Lakini sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni mali ya wakulima, ambao familia nyingi zilipata mashamba baada ya uhuru wa mwaka 1963, walowezi wa Kizungu walipoondoka. Viazi humpatia mkulima fedha kwa msimu mmoja. Nyasi hazimpi kitu asipokuwa na mifugo.

Kwa sababu hiyo, uhifadhi umeanzia zizini. Mifugo ikilishwa kwa kiasi, huzipunguza nyasi bila kuzimaliza. Wenyeji wa kikundi cha Friends of Kinangop Plateau wamehimiza ufugaji wa kondoo wa sufu, nalo shirika la Nature Kenya limenunua vipande vya ardhi ili nyasi zisalie.

Kutoka Nairobi, msafiri hufuata barabara ya Nakuru hadi Flyover, kisha hukata kuelekea Njabini. Inafaa kufika asubuhi, na sweta na mabuti ni muhimu. Kabla ya kuingia shambani, mwenye shamba huombwa ruhusa. Lango hufungwa tena, na mafungu ya nyasi hayakanyagwi, kwani huenda yana viota.

Ujira wa kiongozi mwenyeji na bei ya chakula kinachonunuliwa hapo si fedha nyingi, lakini humpa mkulima sababu ya kuyaacha malisho yake bila kuyalima.