Kofi Lisiloandikwa

Katika zahanati za vijijini Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, zamu ya usiku aghalabu humwangukia muuguzi mmoja peke yake. Na mlango ugongwapo saa nane, huyo ndiye tabibu, ndiye mkunga, ndiye bawabu, na dawa zikiwa zimekwisha, ndiye serikali nzima mbele ya mume aliyemleta mkewe kwa pikipiki kutoka migombani, akijua kwamba mjamzito hatozwi ada. Aambiwapo akanunue glavu, au atafute gari la kwenda hospitali ya Nyakahanga au Isingiro, ghadhabu yake haifiki Bohari ya Dawa wala Dodoma. Humshukia aliye karibu, kwanza kwa matusi, kisha kwa kidole usoni, na mara nyingine kwa kofi.

Sisemi haya kumtetea mpigaji, hasha! Dhiki haihalalishi dhuluma, na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 241, imekwisha kulifanya shambulio la kudhuru mwili kuwa kosa, wala haikumsamehe mgonjwa au jamaa yake. Lakini vitazame vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za huduma, juu ya meza ya zahanati: namba 5 humwandika mgonjwa wa nje, umri wake, kijiji chake na maradhi yake, namba 12 humwandika mzazi na uzito wa mwanawe. Anayezijaza safu zote hizo ni muuguzi, naye hana safu ya yaliyompata yeye. Mgonjwa aliyejibiwa vibaya, na kauli kali zipo, analo sanduku la maoni ukutani; muuguzi aliyepigwa huambiwa avumilie, wazee huwapatanisha, na jioni hurejea zamuni.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba baina ya asilimia 8 na 38 ya watumishi wa afya hushambuliwa mwilini wakati fulani wa kazi yao. Ni watu wale wale ambao, homa ya Marburg ilipozuka Bukoba Vijijini mwaka 2023, walibaki wodini, na mmoja wao akafa.

Basi kiwepo kitabu cha kuandikia mashambulio hayo katika kila kituo, na usiku wawepo wauguzi wawili pamoja na mlinzi. Kamati ya kituo, ikutanapo kusoma hesabu za fedha na dawa, na ikisome kitabu hicho pia, mtendaji wa kijiji akiwapo, na jambo lililo la polisi lipelekwe polisi.